Maua Mawili Meupe: Historia ya Kipimo cha Pareto

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

 

Tukitaja historia, wengi wetu hukumbuka wafalme, vita na misafara. Lakini mazao nayo yana historia yake, na mara nyingi historia hiyo hugusa mfuko wa mtu kuliko habari za wafalme. Leo nitawaeleza habari za ua moja, yaani pareto, na hasa nitawaeleza jinsi watu walivyojifunza kutambua ua lenye nguvu na ua lisilo na nguvu, hali yote mawili ni meupe, na jicho halioni tofauti yoyote.

Ninyi mnaokaa Makete, Njombe, Mafinga na Mbeya mnalijua ua hili. Wenzetu wa Molo na Kisii huko Kenya wanalijua, na wale wa Musanze huko Rwanda vilevile. Ni ua lenye majani meupe kando kando na kitovu cha njano katikati. Ni dawa. Haliponyi homa wala maumivu ya tumbo. Kazi yake ni kuua wadudu: mbu, inzi, kunguni, viroboto, mende, hata chawa wa kichwani. Lugha yetu haitofautishi mambo hayo. Kinachomtoa mtoto chawa ni dawa, na kinachoua mbu chumbani ni dawa pia.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, nipeni ruhusa niwasimulie jambo moja lililonipata. Miaka michache iliyopita nilifuatana na Bwana Shamba mpaka kituo kimoja cha kununulia maua. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, uso wake umekunjamana. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza swali. Alisema, "Mimi na mdogo wangu tumelima pareto mwaka mmoja. Yeye yuko katika kikundi cha kijiji cha pili. Mimi nimeleta kilo nyingi kumshinda, naye amepewa fedha nyingi kunishinda. Ua langu ni jeupe, lake ni jeupe. Mizani ile ina macho, ijue ua hili ni la nani?"

Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, lakini sikuwa na jibu. Karani alisema neno moja tu, "Ni mambo ya kipimo," akaendelea na kazi yake. Mama aliondoka akiamini kwamba ameibiwa. Mimi nilirudi nyumbani na aibu, nikaanza kutafuta habari. Yale niliyoyapata ndiyo somo la leo.

Ua jekundu na ua jeupe

Pareto si mmea wa asili wa Afrika. Zamani watu wa nchi za Kaukasi na Uajemi walikuwa na ua la jamii hii lenye majani mekundu au ya waridi. Walilikausha, wakalisaga, wakautumia unga wake kuua viroboto na chawa. Katika karne ya 19 unga huo ulifika Ulaya, ukauzwa kwa jina la unga wa Uajemi.

Ua la pili, lile jeupe, lilimea lenyewe kwenye vilima vya mawe vya Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adria, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni nchi ya Kroatia. Watu wa huko husimulia kwamba mwanamke mmoja wa mji wa Dubrovnik alichuma maua hayo kwa uzuri wake tu, akayaweka nyumbani. Yaliponyauka akayatupa pembeni. Baada ya siku kadhaa akakuta wadudu wamekufa wamelizunguka rundo lile. Hiyo ni simulizi, wala siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini jambo lililo hakika ni hili: kufikia katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara walikwisha kutambua kwamba unga wa ua jeupe la Dalmatia huua wadudu zaidi kuliko unga wa ua jekundu la Uajemi.

Hapo ndipo tatizo letu linapoanza. Ua likiwa shambani, mtoto yeyote aweza kusema hili ni jekundu na hili ni jeupe. Lakini likisha kukaushwa na kusagwa, rangi imekwisha. Unga wa ua zuri na unga wa ua dhaifu yote miwili huwa na rangi ya manjano iliyofifia. Mnunuzi aliye London au New York, anayeletewa magunia kutoka nchi asiyoijua, angewezaje kujua amenunua nini?

Manjano katika unga

Wapo waliojua kwamba mnunuzi hawezi kujua, nao wakalitumia jambo hilo. Baadhi ya wafanyabiashara walisaga mabua pamoja na maua, ili uzito uongezeke. Wengine walichanganya maua ya mimea mingine inayofanana na pareto kwa sura lakini haina dawa ndani yake. Na kwa kuwa mabua hufanya unga uwe na rangi mbaya, walitia rangi. Wengine walitia bizari ya manjano, hii hii tunayotia katika mchuzi, ili unga upate rangi ya kitovu cha ua.

Nchi ya Marekani ilitunga sheria ya dawa za wadudu mwaka 1910, na wataalamu wa serikali wakaanza kuuchunguza unga unaouzwa madukani. Chombo chao cha kwanza kilikuwa hadubini, yaani kioo cha kukuzia vitu vidogo sana. Kwa hadubini mtu huona nyuzi za bua, huona chavua ya ua, huona chembe za bizari. Ilikuwa msaada mkubwa, na wadanganyifu wengi walikamatwa.

Lakini hadubini ilijibu swali moja tu: je, huu ni unga wa pareto au si unga wa pareto? Haikuweza kujibu swali la pili, ambalo ndilo swali la yule mama: kama yote ni pareto safi, ipi ina dawa nyingi na ipi ina dawa kidogo? Kwa swali hilo kulikuwa na njia moja, nayo ni kuwapa inzi au mende unga huo na kuhesabu wangapi wamekufa. Njia hiyo ni ya kweli, lakini ina shida zake. Inzi wa leo si sawa na inzi wa jana, na siku ya baridi si sawa na siku ya joto. Mtu hawezi kupanga bei ya gunia kwa afya ya inzi.

Kuitafuta dawa yenyewe

Ilibidi kwanza watu wajue dawa iliyomo ndani ya ua ni kitu gani hasa. Mjapani mmoja, Fujitani, alifanya uchunguzi wake mwaka 1909. Wakati ule Japani ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya pareto. Mbegu zilifika huko katika miaka ya 1880, na fundi mmoja wa mkoa wa Wakayama, Eiichiro Ueyama, alipata fikira ya kuchanganya unga wa pareto na vitu vingine na kutengeneza vijiti vya kuwasha ili moshi wake ufukuze mbu. Husemwa kwamba mkewe ndiye aliyempa shauri la kuvizungusha kama nyoka aliyejikunja, ili viwake usiku kucha. Dawa ya mbu ya kuzunguka, ambayo tunainunua madukani mpaka leo, asili yake ni hiyo.

Kazi kubwa ya kemia ilifanywa na watu wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, wengi wanawakumbuka kwa kazi yao huko Zürich, nchi ya Uswisi. Ruzicka alizaliwa Vukovar, mji ambao leo umo katika Kroatia, nchi ile ile ya ua jeupe. Walifanya kazi hiyo kati ya mwaka 1910 na 1916, lakini matokeo yao yalichapishwa mwaka 1924. Baadaye wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, Ruzicka mwaka 1939 na Staudinger mwaka 1953.

Walichokigundua ni kwamba dawa ya pareto si kitu kimoja, bali ni vitu viwili vinavyofanana kama ndugu. Wakaviita piretrini ya kwanza na piretrini ya pili. Kila moja imeundwa kwa sehemu mbili zilizoshikamana, na sehemu mojawapo ni asidi. Shikeni jambo hili la asidi, kwa sababu ndilo lililofungua mlango wa kipimo. Kitu kilichofichama ndani ya ua hakiwezi kupimwa kwa jicho, lakini asidi hupimika. Wakemia walikuwa wanajua kupima asidi tangu zamani.

Namna ya kupima

Nitawaeleza kwa maneno mepesi jinsi kipimo kilivyofanyika. Tuchukue njia iliyotangazwa na H. A. Seil huko Marekani mwaka 1934, kwa sababu ni rahisi kuifuata.

Kwanza huchukuliwa maua kidogo kutoka katika gunia. Hayo huitwa sampuli. Yanasagwa, kisha yanalowekwa katika mafuta mepesi ya jamii ya petroli. Piretrini haipendi maji, bali hupenda mafuta, kwa hiyo hutoka katika ua ikaingia katika mafuta yale. Mafuta yakiachwa yaruke, hubaki utomvu mzito wenye dawa.

Pili, utomvu huo huchemshwa pamoja na kostiki, ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Kostiki huzikata piretrini vipande viwili, na asidi zake huachana na sehemu ya pili.

Tatu, asidi hizo mbili hutenganishwa. Asidi ya piretrini ya kwanza hupanda pamoja na mvuke wa maji, na asidi ya piretrini ya pili hubaki chini katika chungu. Kila moja hupimwa peke yake, kwa kudondosha tone baada ya tone la maji ya magadi yenye nguvu inayojulikana, mpaka asidi imalizike. Mkemia huhesabu matone yaliyotumika, akapiga hesabu, akajua kilo 100 za maua hayo zina dawa kiasi gani.

Kwa hiyo mizani haikuwa na macho, kama yule mama alivyodhani, lakini chupa za mkemia zilikuwa nayo.

Kosa la bei

Sasa sikilizeni jambo la ajabu lililotokea mara tu kipimo kilipopatikana. Kwa miaka mingi wafanyabiashara waliyagawa maua ya pareto katika daraja tatu: maua yaliyofumba, maua yaliyofumbuka nusu, na maua yaliyofumbuka kabisa. Yaliyofumba yalilipiwa bei ya juu kuliko yote. Waliamini kwamba ua lililofumba limeifungia nguvu yake ndani, na ua lililofumbuka limeipoteza. Ni fikira inayoonekana kuwa na akili, na wakulima wa Dalmatia na Japani walichuma kwa kuifuata.

Mwaka 1929 na 1930 wakemia wawili wa Marekani, C. B. Gnadinger na C. S. Corl, waliyapima maua hayo. Njia yao ilikuwa ya kutumia maji ya shaba, inayofanana na njia iliyotumika kupima sukari. Waliona kwamba dawa haimo katika yale majani meupe yanayopendeza. Sehemu kubwa sana, kama 90 katika kila 100, imo katika vibegu vidogo vilivyomo chini ya kitovu cha njano. Na vibegu hivyo hukua na kujaa dawa kadiri ua linavyofumbuka. Mwaka 1931, huko Rothamsted nchini Uingereza, F. Tattersfield alichapisha habari za ukuaji wa ua la pareto hatua kwa hatua, naye alionyesha kwamba dawa huongezeka tangu ua likiwa tumba mpaka linapochanua.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kwa miaka mingi soko lilimlipa vizuri aliyechuma vibaya, na kumlipa vibaya aliyechuma vizuri. Hakuna aliyekusudia kudanganya katika jambo hilo. Wote walidanganywa na jicho.

Mpaka leo mabwana shamba hufundisha hivyo hivyo: chuma ua wakati majani meupe yametanda kwa mlalo na safu 3 au 4 za vijiua vya njano katikati zimefunguka. Ukichuma mapema, vibegu havijajaa. Anayelijua jambo hilo amekwisha kuijua nusu ya kipimo kabla hajafika kituoni.

Pareto yafika kwetu

Mbegu za pareto zilipandwa Kenya mwaka 1928, karibu na Nakuru. Katika miaka ya 1930 maua ya Kenya yalianza kuuzwa ng'ambo, na Tanganyika nayo ikapanda katika nyanda zake za juu. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walizoea maua ya Japani. Japani ilikuwa imechukua nafasi ya Dalmatia tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokata biashara ya Bahari ya Adria. Wangesadiki vipi kwamba ua la nchi ngeni ni zuri?

Hapo kipimo kilitusaidia. Kama maua yangeuzwa kwa jina la nchi tu, yetu yangekaa mkiani. Lakini yalipopimwa, maua ya Kenya yalikuwa na piretrini kama 1.3 katika kila 100, hali maua ya Japani na ya Dalmatia mara nyingi hayakufika hata 1. Tena kwetu, juu ya milima iliyo karibu na ikweta, pareto huchanua kwa miezi mingi ya mwaka, na mkulima huchuma tena na tena kila baada ya wiki mbili au tatu. Huko kwingine huvuna mara moja kwa mwaka. Japani ilipoingia vitani na Marekani mwezi wa Desemba mwaka 1941, biashara yake ilikatika, na Kenya ikawa ya kwanza duniani. Majeshi yaliyopigana katika nchi zenye malaria yalitumia pareto katika makopo ya kupulizia mbu.

Kwanza zao hili lilikuwa zaidi la masetla. Katika miaka ya 1950 wakulima Waafrika walianza kuingia kwa wingi, na baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 pareto ikawa hasa zao la mkulima mdogo, mwenye nusu eka au eka moja, anayechuma pamoja na mkewe na watoto. Kwa hiyo swali la kipimo likawa swali la watu wengi sana.

Hakuna michepareto miwili iliyo sawa

Wataalamu walipopima mche mmoja mmoja waligundua jambo lingine. Mche wa pareto haujichavushi wenyewe. Lazima upate chavua ya mche mwingine. Kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na watoto hawafanani. Katika shamba moja, lenye udongo mmoja na mvua moja, mche huu waweza kuwa na dawa mara mbili ya jirani yake. Ukiwaangalia kwa macho ni mapacha.

Basi katika kituo cha utafiti cha Molo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walifanya kazi ya subira. Walipima maua ya miche mingi, wakachagua ile iliyoonyesha dawa nyingi na maua mengi. Hawakupanda mbegu zake, kwa kuwa mbegu zingeleta mchanganyiko tena. Waligawa mashina, wakapanda vipande, na kila kipande kikawa sawasawa na mama yake. Mimea iliyopatikana hivyo iliwezesha kuvuna maua yenye piretrini hata karibu 2 katika kila 100.

Angalieni hapa kazi ya kemia ilivyobadilika. Mwanzo ilikuwa askari wa kukamata mwizi. Baadaye ikawa karani wa kupanga bei. Sasa imekuwa mkulima pia, inachagua kipi kipandwe.

Ndugu sita

Kemia nayo haikusimama. Mwaka 1945 wakemia wa Marekani, LaForge na Barthel, walionyesha kwamba zile piretrini mbili zina ndugu wengine wawili, wakaitwa sinerini. Katika miaka ya 1960 wakapatikana wengine wawili, wakaitwa jasmolini. Jumla ni vitu sita. Watatu wana asidi ya aina ya kwanza, na watatu wana asidi ya aina ya pili. Piretrini ya kwanza ina nguvu zaidi ya kuua. Ya pili ni hodari wa kumwangusha mdudu upesi.

Ndugu hawa sita hufanana mno, na njia ya kale ya kostiki na mvuke haikuweza kuwatenga wote. Msaada ulitoka katika njia mpya iitwayo kromatografia. Mwaka 1952 Waingereza A. T. James na Archer Martin waliitangaza kromatografia ya gesi. Ifikirini kama mashindano ya mbio. Vitu vyote sita huanza pamoja katika bomba refu jembamba. Ndani ya bomba mna kitu kinachowashika njiani, mmoja kidogo, mwingine zaidi. Kwa hiyo hufika mwisho kwa zamu, na kila afikapo mmoja, kalamu ya mashine huchora kilima juu ya karatasi. Kilima kikubwa maana yake kitu hicho ni kingi. Kilima kidogo maana yake ni kichache. Siku hizi hutumika zaidi kromatografia ya maji, lakini mashindano ni yale yale.

Faida yake ni kwamba karatasi ile ni kama alama ya kidole. Aina hii ya pareto ina kilima cha kwanza kirefu na cha pili kifupi. Aina ile ni kinyume chake. Mimea miwili yenye jumla moja ya dawa huweza kutofautishwa kwa mpangilio wa vilima vyake.

Kuna faida nyingine ambayo ni kubwa kwa biashara ya leo. Tangu mwaka 1949 wakemia wameweza kuunda viwandani vitu vinavyofuata mfano wa piretrini. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted walitangaza permethrini, ambayo haiharibiwi upesi na jua kama dawa ya ua. Dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vingi tunavyolalia. Ni dawa njema, na ni za bei nafuu, lakini si ua. Mtu akiuza dawa ya kiwandani kwa jina la pareto ya asili, anamnyang'anya mkulima bei yake. Mashine humfichua mara moja. Ua huchora vilima sita vyenye mpangilio unaojulikana. Kitu cha kiwandani huchora vilima vyake vingine, mahali pengine.

Jibu la mama

Sasa turudi kwa yule mama. Chukueni karatasi na kalamu, tupige hesabu. Tuseme kikundi cha kwanza kimeleta kilo 100 zenye piretrini 1.2 katika kila 100. Hapo pana dawa kilo 1.2. Kikundi cha pili kimeleta kilo 90 tu, lakini zina piretrini 1.6 katika kila 100. Ukizidisha utapata dawa kilo 1.44. Gunia jepesi limebeba dawa nyingi kuliko gunia zito. Mnunuzi hataki majani makavu, anataka dawa. Hilo ndilo jibu ambalo karani hakumpa mama, nami sikuweza kumpa.

Lakini ningekutana naye leo nisingeishia hapo, maana hilo ni nusu ya jibu. Kipimo ni cha haki ikiwa sampuli ni ya haki. Mkemia hapimi gunia lote; hupima konzi moja. Konzi hiyo ikichukuliwa juu ya gunia tu, haijui kilichomo chini. Na maua ya watu wengi yakimiminwa pamoja kabla ya kupimwa, mtu mmoja akiwa na 1.8 na mwenzake 1.0 kwa uzito ule ule, wote wawili wataandikiwa 1.4. Aliyechuma kwa uangalifu amempa mwenzake sehemu ya jasho lake bila kujua. Huenda mama yule alikuwa ndiye mchumaji bora wa kikundi chake, na huenda alikuwa na haki ya kulalamika, ila hakujua alalamikie kitu gani. Alilaumu mizani, na mizani haikuwa na kosa.

Tena kipimo hakimlishi mtu kama malipo hayaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wa Kenya walikaa muda mrefu bila kulipwa, wakang'oa pareto wakapanda viazi. Nchi iliyokuwa ya kwanza ikaanguka, na kisiwa cha Tasmania huko Australia, ambako huvuna kwa mashine, kikashika nafasi ya mbele. Maua ya Kenya hayakuwa yamepoteza nguvu. Kilichopotea ni imani ya mkulima, na hakuna mashine inayopima imani.

Kwa hiyo, mkulima wa pareto, kabla hujakubali au kukataa bei, uliza mambo matatu. Sampuli imechukuliwa wapi katika gunia? Maua yangu yamepimwa peke yake, au pamoja na ya nani? Na kipimo kilichotoka ni kiasi gani, kiandikwe katika stakabadhi yangu? Mtu anayeuliza hivyo si mkorofi. Anauliza maswali yale yale waliyouliza wanunuzi wa London na New York zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipotaka kujua kama wameuziwa ua au bizari. Wao walijibiwa, nasi tuna haki ya kujibiwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini hadubini haikutosha kuonyesha ubora wa unga wa pareto?
2. Wafanyabiashara wa zamani walikosea nini juu ya maua yaliyofumba? Je, katika mazao yetu mengine kuna jambo tunalolipia kwa jicho ambalo huenda si kweli?
3. Pigeni hesabu: kilo 50 zenye piretrini 1.4 katika kila 100 zina dawa kiasi gani?
4. Kikundi chenu kingeweza kupanga vipi uchukuaji wa sampuli, ili mchumaji mzuri asipoteze haki yake na mchumaji dhaifu apate kujifunza?

Zungumzeni kwa utaratibu, mzee apewe nafasi na kijana apewe nafasi, na katibu aandike majibu. Nawatakia kazi njema mashambani. Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.